Gari la Kabula Lilitangulia

Siku ya kwanza nilipoajiriwa kuendesha gari la ng'ombe, nilifika Kwihara alfajiri nimevaa viatu vipya. Kumbe dereva wa gari la ng'ombe hapandi gari. Anatembea kando ya maksai, yaani madume waliohasiwa, akiwasemesha njia nzima. Viatu nilivivua kabla jua halijapanda.

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha familia kwenda mashamba mapya magharibi, kwa njia ileile ya misafara ya zamani. Ninyi mnaoita lori kwa simu mtacheka, lakini msafara wetu ulikuwa na serikali yake. Kabla ya kuwafunga maksai nira shingoni, tulikaa chini wote tukamchagua kirangozi, kiongozi wa njia. Kila gari lilikuwa na sauti moja, la tajiri na la fukara. Mwenye kupinga alisimama kando ya gari lake akasema mchana kweupe. Kunong'ona kambini kulikatazwa, na adhabu yake ilikuwa kuchotea maji kambi nzima. Maji hayo nayajua uzito wake.

Kirangozi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Hamisi, seremala wa Gongoni, mkali kabla ya chai na mpole baada yake. Safari hiyo tulikuwa na Kabula, mjane mjamzito. Tulipokaribia mbuga, ile ardhi nyeusi ambayo ikilowa hushika magurudumu, maksai wake mmoja alichechemea, akalala, hakuamka tena. Mawingu yalikuwa yamekwisha jaa.

Masanja, mwenye ng'ombe wengi, alisimama kando ya gari lake.

"Mzee, tumwachie chakula hapa. Tukishavuka tutamrudia. Hata mimi nina watoto."

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, kama mimi.

"Atakayerudi ni nani?" Kirangozi akamuuliza. "Wewe?"

Kisha akamgeukia Kabula. "Mama, funga mizigo. Gari lako linatangulia."

"Nitawachelewesha, baba."

"Ndiyo maana unatangulia. Ukikaa nyuma hatutajua umekwama wapi. Ukiwa mbele, sote tutakwenda mwendo wako." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani anakataa?"

Hakusimama mtu. Masanja akaondoka amekunja uso, nikajua anakwenda zake. Akarudi anamvuta maksai wake mwekundu, akamfunga kwenye nira ya Kabula. Nilimpenda mtu yule tangu saa hiyo.

"Haya, tangulia, mama," akasema Kirangozi.

Mvua ilitukuta katikati ya mbuga. Tulisukuma magari matope yakitufika mapajani, na mbegu za karanga za Masanja ziliota ndani ya magunia. Alizilalamikia mpaka Urambo. Lakini hakuna gari lililobaki nyuma, na ng'ambo ya mbuga Kabula alijifungua salama chini ya turubai. Mtoto wa kike akaitwa Nzila, yaani njia kwa Kinyamwezi.

Baadaye nami nilichaguliwa kirangozi, safari baada ya safari, mpaka malori yakatustaafisha sisi na maksai wetu. Sasa nakaa Mtendeni na magoti yangu mabovu. Wajukuu wananipenda, ila tukitoka wananiacha. Wakifika kona wanasimama kunisubiri, na nikiwafikia tu, wanaondoka. Wao wamekwisha pumzika, mimi bado.

Juzi Nzila alikuja kunitembelea, kichwa chake nacho kimeanza mvi. Mama yake alikwisha tangulia mbele ya haki. Tulipotoka kwenda Gongoni kusalimia jamaa, wajukuu wakachapua miguu kama kawaida yao. Nzila akawaita.

"Rudini hapa nyuma." Kisha akanigeukia. "Mama alinisimulia. Tangulia, baba."

Nikatangulia. Tulikwenda polepole hadi Gongoni, mimi mbele na wote nyuma yangu, nami nikashukuru kuwa wako nyuma, maana hawakuyaona machozi yangu.