Jiwe la Pete ya Mama

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikifika katikati sitaki kicheko. Haya yalinipata mimi, saa saba mchana, jua likiwaka, kwenye kibanda changu cha usonara mjini Migori. Na pombe situmii.

Mama yangu alifariki nyumbani kwetu Kosele. Aliacha pete ya dhahabu yenye almasi ndogo kama punje ya mtama, zawadi ya familia aliyoilelea watoto Nairobi miaka mingi. Kwetu, vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae wavigawe. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini harusi yangu na Achieng ilikuwa inakaribia, na mimi, fundi wa pete za watu wengine, nilitaka wangu avae almasi ya kweli.

Nikajidanganya na wafalme. Niamini, kila jioni nilikuwa nasoma kwenye simu habari za vito vyao. Ile almasi kubwa ya Afrika Kusini ilikatwa vipande. Kimoja kikatiwa kwenye fimbo ya enzi ya Waingereza, kingine kwenye taji, na vyote viwili huweza kubanduliwa vikavaliwa kifuani. Kuna hata mwana wa mfalme aliyechukua almasi za marehemu mama yake akamtilia mchumba kwenye pete. Kama wao wanahamisha mawe ya wafu na hawadhuriki, mimi ni nani niogope?

Siku tatu baada ya mazishi nikafungua sanduku la mama, nikakunjua kwa koleo zile kucha nne zinazoshika jiwe, nikalitoa. Pete tupu nikairudisha, jiwe nikalipachika kwenye pete ya harusi ya Achieng. Kesho yake kaka yangu Ouma akatia sanduku kufuli.

Hatukumaliza mwezi kwenye ndoa, Achieng akaanza kukonda. Hospitali wakapima damu, wakapima kifua, hawakuona kitu. Mama mkwe akalitaja kwa sauti ya chini: chira, ule ugonjwa wa kumkausha mtu mwiko ukivunjwa. Na sikia hili: mikono ilibaki mifupa, lakini pete ilizidi kumbana. Nilijaribu kuikata, misumeno mitatu ikavunjika. Nikawa nalia kama mtoto. Hata hivyo sikumwambia mtu nilichofanya. Niliona aibu.

Ndipo siku moja, saa saba mchana, akaingia kibandani mama mmoja mzee. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekivuta hadi machoni. Akafungua fundo la leso, akaweka mbele yangu pete ya dhahabu, kucha nne zimekunjuka, katikati hamna kitu.

"Fundi, hii nyumba imebaki bila mtu," akasema. "Unaweza rudisha mwenyewe?"

Niliona alama za koleo langu. Niliona kidole chake cha mwisho kilichopinda, kile ambacho mama alikivunja akipasua kuni. Je, wewe ungefanyaje? Ungepiga magoti, si ndiyo? Mimi nilisema, "Mama, sina jiwe ya saizi hiyo."

Akaifunga tena pete kwenye leso. "Huna, nyathina?"

Mwanangu. Hivyo ndivyo mama alivyoniita maisha yangu yote.

"Sina."

"Haya. Nitaenda kuchukua mimi."

Nilipotoka kumfuata, fundi wa viatu anayekaa mlangoni kwangu aliapa kwamba hakuna mtu aliyeingia tangu asubuhi. Nikakimbia nyumbani. Achieng alikuwa ametulia kitandani, kidole kitupu. Pete ilikuwa sakafuni, haina jiwe. Nilimwita, nikamtikisa, nikamwambia yote niliyoficha. Alikuwa ameshaenda.

Miezi ikapita, wazee wakakaa Kosele. Ouma akafungua kufuli mbele ya watu wote. Pete ya mama ilikuwa ndani, na almasi imekaa mahali pake, kucha zimefungwa vizuri kuliko kazi ya fundi yeyote ninayemjua. Shangazi yetu akainua mkono.

"Hiyo mama yenu aliniambia mapema," akasema. "Ni ya bibi ya kitindamimba."

Kitindamimba ni mimi.

Wakanikabidhi. Ninayo hadi leo, siiuzi wala siiyeyushi, na ikifika saa saba mchana nafunga kibanda. Nawe uliyeshika kitu cha marehemu ukisema wazee wanachelewa, kirudishe leo, ungoje. Mimi ningengoja, Achieng angekuwa ameivaa.