Getruda na Saa ya Dhahabu

Mwaka 1953, Getruda alikuwa mjane na fundi saa pale Makambako. Ufundi alijifunza kwa marehemu mumewe, akimshikia taa na kumsafishia magurudumu. Mume alipofariki, meza ilibaki barazani palepale, mbele ya kituo cha basi, lakini wateja wakawa wanaipita tu. Mwanamke na saa! Angeuza maharage, wangenunua.

Ndipo akaja Mzee Hezekia wa Njombe, aliyewahi kuwa mkalimani wa mlowezi mmoja wa mashamba ya miwati. Mlowezi huyo, mpenda vitu vya kale, alimwagizia Ulaya saa ya mfukoni ya dhahabu, iliyoigwa kutoka saa za zamani za pwani. Mzee hakueleza hayo.

"Kamwene, mama. Imesimama. Ikienda, nitakusifu kwa abiria wote. Isipokwenda, jembe lako bado lipo."

Getruda akaifungua. Vumbi la Makambako lilikuwa limegandana na mafuta. Akasafisha kila gurudumu, akatia mafuta mapya, na kesho yake asubuhi saa ikaanza kulia. Namba kumi na mbili ilikuwa chini, mahali pa sita; akadhani ni pambo la Kizungu. Ilikuwa saa nne. Kwa mazoea, kama sote tulivyofundishwa shuleni, akapeleka mshale mfupi kwenye kumi.

Mzee alipokuja kuichukua muda huohuo, alishtuka. "Saa kumi! Mama, mchana wangu umeupeleka wapi?"

Abiria waliokuwa wakingoja basi wakacheka. "Shamba linakuita, mama!" mmoja akatania.

Getruda angeweza kusema saa ililetwa ikiwa mbovu. Badala yake akaitazama tena: namba nne ilikaa palepale inapokaa kumi kwenye saa nyingine.

"Baba, saa hii inasomwa kama tunavyosema. Mimi nimeiwekea hesabu ya Kizungu. Kosa ni langu, si lake."

Akarudisha mshale kwenye nne. Mzee akaketi kwenye benchi na saa yake mkononi, basi nalo likichelewa kama kawaida, mpaka kengele ya kanisa ya adhuhuri ilipolia. Mshale mfupi ulikuwa umefika sita.

"Saa inakwenda," akawatangazia abiria. "Aliyepotea kidogo ni mama, naye amerudi."

Yule abiria aliyemtania akavua saa yake ya mkono, akaiweka mezani taratibu.

"Yangu ni ya kawaida, mama. Ukiiona saba, ujue ni moja."