Taa Aliyoitunza Mama

Mwanafunzi wa chuo alifika kwangu Area D Jumamosi asubuhi, akitafuta habari za mnara wa taa wa kisiwani kwetu. Alikuwa anaandika historia ya mnara huo, na aliambiwa kwamba mtunza taa wa mwisho alikuwa baba yangu. Baba alishafariki, na mama nilikuwa nimemleta huku Dodoma kuishi nami. Kazi za ofisini zilikuwa zimenichosha wiki nzima, sikuwa na nguvu ya maongezi, nikampeleka kwa mama barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Mama akamweleza kwamba mnara ule waliujenga Wajerumani kwa mawe ya matumbawe, Waingereza wakabadilisha taa, na baada ya uhuru baba akaajiriwa kuitunza. Kijana alikuwa akirekodi kwenye simu. Akauliza babu alikuwa akiiwashaje.

"Mwanzoni aliwasha yeye. Halafu akaanguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Kuanzia hapo nikawasha mimi, mpaka walipoleta taa ya sola wakatuambia tuhame."

Nilikuwa naanika nguo, nikasimama kusikiliza. Utotoni nilimwona mama akipanda na dumu la mafuta kila jioni, akishuka na masizi mikononi, nikadhani ni kazi ya nyumbani kama kuchota maji. Mkaguzi akija kwa boti, baba alivaa sare akaketi mlangoni, na mama akaenda jikoni. Mshahara ulikuwa wa baba. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kwa hiyo niandike kwamba mtunza taa alikuwa bibi?"

"Andika unavyoona. Mimi nimechoka, mjukuu wangu. Zile ngazi zilinimaliza." Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani.

Kijana akanitazama. Nikamtajia jina la mama, majina yote matatu, nikasubiri mpaka akaliandika.

Alipoondoka nilimkuta mama amejilaza, kageukia ukutani. Nikamwambia jina lake limeandikwa.

"Haya," alisema. "Nichue magoti."

Nikamchua mpaka akapitiwa na usingizi. Nami nikajilaza pembeni yake, nusu ya nguo zikiwa bado kwenye beseni.