Bangili za Erina Zisizotibu Kitu

Kelele za nyundo zilianza nyumbani kwa Erina, pale Bwera, mwaka 2014, baada ya cherehani yake kufa na fundi kuikatia tamaa. Akaamua kujipatia riziki kwa kugonga bangili za shaba. Alianza vibaya. Alitumia nyundo ya misumari ya mumewe juu ya kizingiti cha mlango, na bangili ya kwanza ikatoka kama imetafunwa na mbuzi. Ya pili ikakatika. Majirani walimwonea huruma, kwa sauti ya kusikika.

Erina aliona kosa si la mkono bali la vyombo. Akatafuta vinavyofaa: nyundo ndogo yenye uso laini, koleo ya midomo ya mviringo inayokunja waya bila kuuchubua, tupa nyembamba, na kipande cha reli kuukuu cha kugongea, ambacho mumewe, Tsongo, alikipata kwa muuza vyuma chakavu Kasese, akakipakata kwenye bodaboda kama mtoto mgonjwa. Waya wa shaba aliununua kwa fundi wa mota zilizoungua. Aliuchoma makaani mpaka ukawa mwekundu, akautumbukiza majini ulainike, kisha akaugonga taratibu mpaka ukawa bapa, wenye vijishimo vidogo vinavyocheza na mwanga. Ukianza kukaidi nyundo, aliurudisha motoni. Bangili zikapendeza, akina mama wakanunua, na mambo yangeishia hapo kama si Magidu.

Magidu alikuwa dereva wa lori lililokwenda Mpondwe, mpakani. Alinunua bangili moja ampelekee mkewe, Mayimuna. Mayimuna akaitazama, akauliza kama dhahabu imekwisha duniani, akamrudishia. Magidu akaivaa mwenyewe. Wiki hiyohiyo mgongo wake uliomtesa siku nyingi ukatulia. Wiki hiyohiyo pia lori lake lilikuwa limewekwa kiti kipya badala ya kile kilichokuwa kikimchoma kwa chuma, lakini kiti hakina hadithi nzuri, na Magidu alipenda hadithi.

"Mama Biira, ile kitu yako iko na nguvu," alikuja kumwambia Erina, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mugongo imepona kabisa."

"Ni pambo, Magidu. Nimeigonga mwenyewe hapa nje."

"Naelewa, mama. Hiyo maneno hapana sema mbele ya watu."

Wakaanza kuja madereva, kisha wapagazi, kisha wenye maduka. Mmoja alieleza kwamba shaba ya milima ya Rwenzori imekunywa theluji, ndiyo maana inapoza damu. Erina alijua waya ule umetoka kwenye pampu ya maji ya hoteli. Akanyamaza akitafuta namna ya kulisema hilo kwa adabu, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni kukubali. Afande mmoja wa kizuizi cha barabarani alisimama mlangoni.

"Wewe mama, leta ya presha. Mbio."

"Afande, zote ni moja."

"Basi ile ya presha umeificha wapi?"

Tsongo hakusaidia kitu. Alizipanga bangili kwenye benchi katika mafungu: za mgongo, za presha, na za waume wanaochelewa kurudi nyumbani.

"Wewe mwenyewe unachelewa," Erina akamwambia.

"Mimi sijavaa," akajibu Tsongo.

Jumapili, Katekista Thembo alizikemea bangili hizo kanisani kwa maneno makali, macho yake yakimtafuta Erina kwenye viti vya nyuma. Jumatatu alipita katikati ya migomba, akatokea jikoni kwa Erina, akauliza kama ipo inayoweza kuvaliwa mguuni, chini ya soksi. Goti lilikuwa linamsumbua wakati wa sala.

Erina akachoka. Akaandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu: MAPAMBO TU. HAZITIBU. Watu wakaupiga picha kwa simu, wakasambaza kama alama ya bangili halisi. Haukupita muda, sokoni Mpondwe zikatokea bangili za bati lililopakwa rangi, na wauzaji wakitangaza kwamba za kwao pia hazitibu, tena hazitibu kweli, si kama za wengine.

Kazi ikazidi, na bega la Erina likavimba kwa kugonga. Alipomlalamikia Magidu, akashauriwa avae mbili. Asubuhi iliyofuata akaenda kliniki. Kwenye benchi la kusubiri akawakuta wateja wake karibu wote. Afande aliyekuwa na presha alikuwepo, mwanamke wa duka la vitenge alikuwepo, na kila aliyemwona alivuta mkono wa nguo chini. Katekista Thembo alikuwa pembeni, mguu mmoja ameunyoosha. Akamtazama kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa.

"Hata wewe, Mama Biira?"

"Bega linauma, Katekista."

"Sasa sisi tumutegemee nani?"

Hakuna aliyesema kwamba labda bangili hazitibu. Kufikia jioni walikuwa wamekubaliana kwamba nguvu imemtoka Erina na kuhamia kwa muuza bati wa Mpondwe. Wakamfuata huko. Ua wa Erina ukawa kimya, naye akalala usingizi aliokuwa ameusahau.

Bega lilipopoa, akaja msichana anayeitwa Shallon, kutoka Mahango, akitaka hereni za siku ya harusi yake.

"Nikuambie mapema, hazitibu," Erina akasema.

"Zitibu nini?" akauliza Shallon, ambaye alikuwa masomoni Fort Portal na hakuwa na habari.

Hereni zilipokuwa tayari, Shallon akazipokea, akaziinua kwenye mwanga, akakunja uso.

"Mama, hii ya kushoto iko murefu. Na huku chini umegonga sana, hapa juu kidogo."

Erina akazichukua, akazipima kando kwa kando. Msichana alikuwa sahihi. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu kuitazama kazi yake yenyewe, na moyo ukamchangamka hata akasahau kujitetea. Akawasha makaa, akakaa mbele ya kipande chake cha reli.

"Huyo naye anaumwa nini?" Tsongo akauliza kutoka ndani.

"Anaolewa," Erina akajibu, akaanza kugonga.