Sita, kimya, nane

Sisi tuliokulia Minago, kando ya ziwa, wakati watoto wote wa nyumba walipokula sinia moja, tulijua kuhesabu kabla ya kuona ubao wa shule. Lakini kwetu kulikuwa na namba isiyotamkwa. Baada ya sita, dada yetu mkubwa Spesi, akituhesabu kabla ya kula, aligusa kichwa kimoja bila kusema neno, kisha akaendelea na nane. Watoto wa jirani walitucheka kwamba sisi wa kwa Sita-Nane tumefukuzwa shule kabla ya kuingia.

Mama alikuwa na sababu. Mdogo wake, mtoto wa saba kwao, alichukuliwa na ziwa akiwa anaoga. Tangu hapo aliamini kwamba namba hiyo ikitajwa, maji yanasikia. Binti yake, mtoto wake wa saba, aliandikwa kanisani Nyandwi, yaani wa saba, kama ilivyo desturi ya Warundi, lakini nyumbani aliitwa Kadogo tu.

Mimi nilikuwa naijaribu namba hiyo kwa karanga. Nane niliigawa mafungu mawili, hata manne. Sita nayo ilikubali. Saba ilikataa: kila nilivyozipanga, karanga moja ilibaki peke yake. Hilo lilinitisha kuliko hadithi za mamba. Jumapili mchungaji alihubiri kwamba siku ya saba ni takatifu. Mama aliitikia amina huku amemshika Kadogo mkono.

Alasiri moja tulikuwa tunaoga na kusuuza masufuria, ufuo ukinuka mawese na ndagala, dagaa wetu, walioanikwa mchangani, mtu akapiga kelele kwamba mamba ameonekana kwenye matete. Tulikimbia hadi barabarani. Hapo Spesi, akiwa na kitinda mimba wetu Minani mgongoni, alituhesabu akitweta. Alianza na yeye mwenyewe, moja, akamaliza kwa kumpapasa Minani, nane. Katikati mkono wake ulishuka kama kawaida, na kimya kilikuwa kilekile. Ila chini ya mkono hapakuwa na kichwa.

Nyumbani Mama alipouliza, Spesi alijibu, "Tuko kamili, Mama. Nimefika nane."

Mama akagawa samaki wa mukeke juu ya ubugari, ugali wetu wa muhogo, kipande kwa kila mtoto mwenye meno. Kipande kimoja kikabaki kwenye sinia.

"Hii iko ya nani?"

Akatutazama kichwa kwa kichwa. Kadogo hakuwepo.

Mama alikimbia bila viatu, nasi nyuma yake. Ufuo ulikuwa mtupu. Kigauni cha Kadogo kilikuwa mchangani, kimelowa upande mmoja. Aliita, "Kadogo!" mpaka sauti ikakwaruza. Matete yalitikisika, labda ni upepo. Ndipo Mama akaingia majini hadi magotini, akaliambia ziwa jina alilolificha miaka yote: "Nyandwi! Nyandwi!"

Chini ya mtumbwi uliopinduliwa ili uzibwe nyufa, kikatoka kichwa kilichojaa mchanga na usingizi.

"Mama, Nyandwi ni nani?"

"Ni weye, mwanangu. Ni weye wa saba."

Kuanzia siku hiyo Spesi aliamriwa kusema saba kwa sauti, na asiguse nane mpaka aitikiwe, "Niko."

Siku hizi vijana wetu wanaicheza saba kwenye bahati nasibu, wanasema ina nyota. Kila mmoja anakula kwa saa yake, macho kwenye simu. Ukiwaambia wakusanyike uwahesabu, wanakuuliza kama wao ni mbuzi. Nacheka nao. Lakini ziwa limepanda. Pale mtumbwi ulipolala sasa ni maji. Watoto wa ndugu zangu wakija likizo na kwenda kuogelea, nakaa mahali ninapowaona, nawahesabu polepole. Nikifika saba nasimama, nasubiri mtu aseme niko. Hawajui kwamba wanaulizwa.