Hapa Hakuna Niyubahwe

Niyubahwe aliingia Tanzania mgongoni kwa mama yake mwaka 1993, rais wa Burundi alipouawa na watu wakakimbia na kile walichokuwa nacho mkononi. Akakulia kambi ya Mtabila, kule Kasulu. Kambi ndiyo ilikuwa nchi yake. Burundi aliijua kwa kuisikia tu, na aliyoyasikia hayakumpa hamu ya kwenda.

Mwaka 2012 ikatangazwa kambi inafungwa, kila mtu apande lori arudi kwao. Kwao wapi sasa? Asubuhi ya zamu yao alimwambia mama anakwenda chooni, akakata moja kwa moja hadi porini. Hakuaga. Lori likaondoka na mama.

Nestori, kijana wa Kiha aliyekuwa akiuza mihogo kambini, alimpeleka kwao Murungu, Kibondo, akamwoa. Majirani wakamjua kwa jina la ubatizo, Immakulata. Lugha haikumpa shida, maana Kiha na Kirundi hazipishani sana. Shida ilikuwa hofu ya kurudishwa Burundi, na hofu ile, jamani, we acha tu. Gari likinguruma barabarani, yeye yuko shambani kajilaza katikati ya mihogo, ugali unaungua jikoni. Mama mkwe wake, Josephina, alimwonea huruma mpaka akamwapia: atakayekuja kumuulizia Niyubahwe, awe nani awaye, ataambiwa hajulikani.

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, mabasi yakaanza kupita yakipeleka wakimbizi kambi ya Nduta. Safari hii yalikuwa yanaleta watu, hayachukui. Lakini nani angemweleza akaelewa? Basi moja lilipopata pancha karibu na nyumba yao, Immakulata, na mimba yake kubwa, alikuwa ameshatokomea shambani.

Aliporudi alimkuta Josephina kachangamka. Akamsimulia alivyowapiga chenga: kashuka bibi mmoja mwembamba, anauliza mlango hadi mlango habari za binti yake Niyubahwe, mwenye kovu la moto shavuni.

"Nikajua huyo katumwa. Nikamwambia hapa hakuna Niyubahwe, wala hajawahi kuwapo."

Immakulata akashika shavu lake. Akakaa chini palepale. Akauliza yule bibi alijibu nini.

Josephina sasa alikuwa ameelewa. "Mwanangu, alishukuru tu. Akaomba maji, nikampa. Basi likaondoka."

Kesho yake Nestori alimsihi asiende Nduta: akijitaja pale getini watajua ni mkimbizi, na wanaweza kumzuia humo humo, yeye na mtoto wa tumboni. Yote hayo aliyajua, na hofu ilikuwa ile ile. Alikwenda vilevile.

Mlinzi akamuuliza jina.

"Niyubahwe," akasema, kashikilia chuma cha geti. "Mama yangu yuko humo ndani. Aliambiwa sipo."