Daktari wa Sebuleni

Jamani, furaha ilinitia wazimu! Mama kaanza kuyasahau majina yetu, na hatimaye nimepata video ya daktari anayeyaeleza maradhi hayo kwa Kiswahili! Nikajifungia jikoni, hapa kwetu Mabela, Mama na wageni wake wa kahawa wasisikie. Simu haikutoa sauti. Nikaiongeza mpaka mwisho, wapi! Basi nikasoma maandishi ya chini: usibishane na mgonjwa, muimbie nyimbo za zamani. Nami naitikia kwa kichwa, kama mjuzi! Kumbe tangu asubuhi simu imeunganishwa na spika ya sebuleni, nilipomwekea Mama taarabu. Mlango ukagongwa.

"Daktari wako tumemsikia sote," akasema Mama. "Kasema usibishane na mimi. Haya, wageni wanangoja. Njoo uimbe!"